Nguzo ya Mtu Aliye Hai

Wewe msomaji ulikwenda zako. Ulikula, ukalala, ukagombana na jirani, ukasahau. Bi Ratruda hakwenda popote. Tulimwacha makaburini na tunamkuta papo hapo, shingo imekakamaa, macho kayakaza juu ya ngazi ambako fundi Urso, aliyekuwa akisimamisha nguzo mpya, ameangusha nyundo kwa hofu.

"Fundi, nimekuuliza. Nani kafa?"

"Mama, mimi ni mtu wa mbao tu."

"Sikukuuliza kazi yako. Kazi yako naijua, kitanda ulichonitengenezea kinalia kama mbuzi. Nani kafa?"

Urso akamtazama njiwa wake wa mti, kana kwamba njiwa ndiye angejibu. Na kweli, njiwa alikuwa amekwisha kujibu.

Kwetu Gualdara mtu akifia mbali, mwili wake usiweze kuletwa, hatumwachi apotee hivihivi. Tunamsimamishia nguzo katikati ya makaburi ya wazee wake, na juu ya nguzo tunaweka njiwa wa mti. Mdomo wa njiwa unaelekea kule alikolala marehemu. Hata mtoto mdogo anajua kusoma nguzo. Njiwa akitazama baharini, huyo kafia baharini.

Njiwa huyu alitazama kaskazini, kwenye njia ya milimani iendayo kwa Wafaranki. Na katika watu wote wa Gualdara, aliyekuwa kaskazini ni mmoja tu: Auderisi, tuliyemwita Audo, mtoto pekee wa Bi Ratruda, aliyewekwa rehani kwa mfalme wa Wafaranki tangu hajaota hata unyoya kidevuni, ili baba yake asithubutu kufurukuta.

"Nani kakuagiza?" Bi Ratruda aliuliza, na sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Bwana mkubwa."

"Bwana mkubwa yupi?"

"Mama, tunaye mmoja. Mumeo."

Ulitegemea atapiga kelele? Hakupiga. Aliiokota nyundo, akampa Urso mkononi kwa adabu, kama mtu anayempa mgeni maji. Akageuka, akatembea taratibu mpaka kaburi la mwisho.

Halafu akakimbia.

* * *

Huko ukumbini, mumewe alikuwa na wageni.

Gaidemari, mkuu wa Gualdara, alikuwa na mji mmoja, vilima vichache, na maadui wa kutosha nchi tatu. Ndevu zake zilikuwa maarufu kuliko jeshi lake, na kusema kweli zilikuwa nyingi kuliko jeshi lake.

Kulia kwake aliketi Gozelini, mjumbe wa Wafaranki, kidevu cheupe kama yai lililomenywa. Mbele yake kulikuwa na mto wa hariri, na juu ya mto, wembe.

Kushoto aliketi Evtimi, mjumbe wa Wagiriki, ananukia kuliko bibi harusi. Mbele yake sinia ya fedha, na juu ya sinia, mkasi na kitana.

Najua unataka kucheka. Falme mbili kubwa zimevuka milima na bahari kuja kugombania nywele za mzee mmoja! Lakini kwetu Walombardi, anayekukata nywele kwa heshima ndiye baba yako. Mfalme akipitisha wembe wake kwenye ndevu zako, umekuwa mwanawe, na mwana hamkatalii baba. Wafaranki waliotaka ndevu walitaka mji. Wagiriki waliotaka nywele za kisogoni walitaka mji huohuo, ila wao waliomba kwa adabu.

"Mzee," Gozelini alisema, "mvinyo wako mzuri, jibini lako zuri, ila subira yangu imekwisha. Nyoa tuondoke."

"Kunywa kwanza. Mtu mwenye kiu huongea ovyo."

"Na mwanao je? Humtaki?"

"Mwanangu yupi?"

Gozelini hakuwahi kujibu. Mlango uligonga ukuta.

"Baba Audo!" Bi Ratruda aliingia, ushungi umeachwa njiani, tope hadi magotini. "Mwanangu kafa lini? Kafa na nini? Imekuwaje fundi ajue kabla yangu?"

Gozelini akaweka kikombe chini.

"Nani kafa? Auderisi? Mama, nani kakutia wazimu huo? Nimekula naye meza moja. Yu mzima kabisa. Anakula kama farasi, anatania hata maaskofu."

Bi Ratruda alimkodolea macho. Kisha akaanguka pale pale miguuni pa Mfaranki, akaushika mkono wake, akaubusu. Mkono wa adui! Akaubusu tena. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na kamasi, na kila kitu.

"Yu hai! Baba Audo, umesikia? Yu hai, anakula! Waliokuletea habari walikudanganya. Tuma mtu akamwambie Urso aing'oe ile nguzo, aing'oe sasa hivi, mti wake tutapikia."

Gaidemari hakusimama.

"Hakuna aliyenidanganya," alisema. "Ratruda, kaa chini."

Hakuwahi kumwita kwa jina mbele za watu. Siku zote alikuwa Mama Audo. Bi Ratruda akabaki amepiga magoti, kicheko kimekwama usoni.

"Mwanangu amekufa," Gaidemari alisema. "Nguzo imesimama."

"Nimekwambia nimekula naye!" Gozelini alifoka.

"Basi umekula na maiti. Natumaini alikuachia nyama."

Walinzi wawili watatu walicheka, kwa mazoea tu, maana utani wa Gaidemari tuliuzoea. Halafu wakaelewa, na kicheko kikawageukia kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu kwetu mwenye nguzo ni marehemu. Shamba lake linagawanywa. Jina lake anapewa mtoto mwingine. Kila ahadi iliyofungwa kwa jina lake inakatika. Na marehemu, msomaji wangu, hawekwi rehani.

"Umemzika mtoto anayepumua," Bi Ratruda alisema polepole.

"Nimekata kamba waliyotufunga shingoni."

"Kamba hiyo niliinyonyesha mimi."

Gaidemari akaingiza vidole ndani ya ndevu zake.

Gozelini ndiye aliyecheka. Alicheka akapiga meza, wembe ukaruka juu ya mto wake.

"Mzee, una akili! Mfalme wangu alisema utajaribu ujanja. Ndiyo maana hakunituma na maneno matupu." Akawageukia wapanda farasi wake, waliokuwa wamesimama ukutani tangu asubuhi, kofia za majoho yao zimewafunika nyuso. "Marehemu! Hebu njoo umsalimie mzee."

Mmoja wao akatoka kwenye mstari. Akashusha kofia.

Pua ya Gaidemari. Macho ya Bi Ratruda. Kidevu kimenyolewa kama cha Mfaranki.

Bi Ratruda alinyanyuka tu na kwenda, kama ndama anavyomwendea mamaye, ila hapa ng'ombe ndiye aliyekuwa anamwendea ndama. Mikuki miwili ikapishana mbele ya kifua chake.

"Taratibu, mama," Gozelini alisema. "Ndevu zake za kwanza zimenyolewa na mfalme wangu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa desturi yenu, si yangu, huyu sasa ni mwana wa mfalme. Na leo atamnyoa mzee wake. Si jambo zuri? Ukoo mzima kidevu kimoja."

Akauchukua wembe, akauweka mkononi mwa kijana.

"Baba," Auderisi alisema.

Sasa tulia, maana hapa ndipo mji wetu wote uliponing'inia kwenye uzi. Gaidemari akiitika, akisema tu "naam, mwanangu", basi nguzo ni uongo, rehani iko palepale, wembe utapita, kuta za Gualdara zitabomolewa na sote tutakuwa watu wa Mfaranki. Asipoitika, mji unabaki wetu. Lakini kijana asiye na baba ana faida gani kwa Gozelini?

Gozelini mwenyewe alilijibu swali hilo. "Asipojibiwa, sitahangaika kubeba maiti kupanda nayo milima yenye theluji. Nitaiacha hapa, kambini kwangu, ng'ambo ya mto. Kabla kivuli cha ukuta wenu hakijafika majini, atakuwa maiti ya kweli."

"Baba," Auderisi alisema tena. Safari hii ilitoka sauti ya utotoni, ile ya mtoto aliyeona jinamizi.

Gaidemari alimtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekunywa maji ya mwisho kabla ya kuingia jangwani.

"Kijana," alisema, "umepotea njia. Mimi mwanangu nimemzika."

Umewahi kumwona mtu aliyechomwa mkuki akabaki amesimama, hajajua bado? Auderisi alisimama hivyo.

"Mnyoe!" Gozelini alisema.

Kijana akasogea. Akapiga goti mbele ya kiti cha baba yake, akazishika ndevu zile kubwa kwa mkono wa kushoto, akazinyanyua apate pa kuanzia. Wembe ukagusa nywele.

Ukasimama.

Ndani kabisa, kule ambako jicho la mgeni halifiki, palikuwa na fundo.

Siku Auderisi alipochukuliwa, alikuwa ameng'ang'ania ndevu za baba yake hata ikabidi watu wazima wamfungue kidole kimoja kimoja. Kabla hawajamaliza, alichomoa uzi mwekundu kwenye mkono wa gauni la mama yake, akafunga fundo kwenye ndevu za baba. "Usifungue mpaka nirudi," alisema. Sisi tuliokuwepo tulidhani Gaidemari alilifungua jioni ileile. Nani angekaa na upuuzi wa mtoto kidevuni? Kumbe ndevu zilikua, fundo likashuka pamoja nazo, uzi ukapauka, na mzee akawa analificha kila asubuhi akichana.

Auderisi aliligusa kwa kidole gumba. Akainua macho.

Ndevu za Gaidemari zilikuwa zinatetemeka, na hapakuwa na upepo ukumbini.

Kijana akazishusha ndevu taratibu, akalifunika fundo kama mtu anavyomfunika mtoto aliyelala. Akasimama. Akamrudishia Gozelini wembe wake.

"Bwana, mzee huyu simjui."

"Nini?"

"Nimemfananisha. Baba yangu alikuwa na ndevu nzuri zaidi ya hizi."

"Usinichezee!"

"Halafu mimi ni marehemu, bwana. Umewahi kuona wapi mtu ananyolewa na marehemu? Mkono wenyewe huu wa baridi, nitamkata bure."

Hakuna aliyecheka. Gaidemari peke yake alitoa sauti fulani, na hadi leo sijui kama kilikuwa kicheko.

Gozelini alikuwa amegeuka rangi ya mvinyo. "Mtoeni!"

Wakamfunga mikono, wakamsukuma kuelekea mlangoni. Njia ya mlangoni ilipita mbele ya Bi Ratruda. Auderisi akasimama. Wapanda farasi wakamvuta, hakusogea.

"Pole kwa msiba, mama," alisema. "Nasikia alikuwa mtoto mtundu."

Bi Ratruda alimtazama juu mpaka chini. Aliangalia viatu vyake. Aliangalia kidevu.

"Alikuwa mtundu sana," alisema. "Nilimchapa kwa ajili ya yai moja. Ningejua, ningempa kuku."

"Hakuweka moyoni."

"Unajuaje?"

"Sisi marehemu tunaambiana."

Wakamtoa, Gozelini nyuma yao na wembe wake.

* * *

Mlango ulipofungwa tu, yule Mgiriki mwenye manukato, ambaye muda wote alikuwa amekaa kimya kama paka kando ya maziwa, aliisogeza sinia yake.

"Mkuu," Evtimi alisema kwa sauti laini, "wapanda farasi wetu wako nyuma ya kilima. Ni wengi kuliko Wafaranki wa kambini. Mkato mmoja tu wa kisogoni, kidogo tu, na kijana atakula hapa chakula cha jioni."

"Kubali!" Bi Ratruda alirudi mbio mpaka mezani. "Baba Audo, kubali! Ni nywele! Nywele zinaota!"

Gaidemari aliutazama mkasi. Mkono wake, niliuona, ulijongea kwenye sinia. Vidole vikagusa ncha. Nakuapia, ulikuwa umebaki upana wa ukucha tuwe Wagiriki sisi sote, tunukie vizuri.

Akaurudisha mkono mapajani.

"Nywele zinaota," alisema. "Mji hauoti."

"Na mtoto?" Bi Ratruda aliuliza. "Mtoto anaota?"

Gaidemari alikuwa mtu wa maneno, alikuwa na jibu kwa wafalme, kwa maaskofu, kwa wadai na kwa wake zao. Kwa mkewe mwenyewe ilibidi alitafute.

"Kama nikikatwa na huyu," alisema mwishowe, na sauti ilikuwa imepasuka, "nitakuwa nimemwokoa mwanangu ili awe mjukuu wa mtu mwingine. Na wana wa mji huu wote pamoja naye. Ratruda, baba yangu alifia ukutani pale. Na baba yake. Nitawaambia nini?"

"Waambie walizaa jiwe."

Alivua pete yake ya ndoa? La, hakuvua kitu. Alijifuta uso kwa kiganja, akaweka nywele sawa, akawa ghafla mwanamke mtulivu wa siku zote, yule anayejua bei ya zeituni.

"Kuanzia leo usikubali mtu akuite Baba Audo," alisema. "Baba Audo alikuwa na mtoto."

Akatoka. Funguo zikalia kiunoni mwake kila hatua, maana kwetu mke wa mkuu ndiye anayevaa funguo za ngome, na ule mrefu kuliko zote ni wa lango la mtoni. Tulizisikia zikilia mpaka mwisho wa ua. Hakuna aliyezifikiria. Nani hufikiria sauti aliyoizoea?

Gaidemari alibaki kitini. Mkono wake ulikuwa umezama ndani ya ndevu.

* * *

Mlinzi wa ukutani ndiye aliyepiga ukelele. Tukapanda sote, mkuu mbele, Mgiriki nyuma akiwa ameshika joho lake lisishike vumbi.

Chini ya ukuta ni makaburi, na chini ya makaburi ni mto. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimekwisha kuyapita makaburi, kinateremka kwenye majani kuelekea majini.

Na Bi Ratruda alikuwa juu ya ngazi ya Urso.

Alikuwa amemkumbatia njiwa wa mti kwa mikono miwili, anamgeuza. Mti mbichi ulilia. Urso, chini, alikuwa anarukaruka na kusihi, "Mama, utamvunja! Mama, msumari ule!" Hakusikilizwa. Njiwa akaiacha njia ya kaskazini. Akapita machweo. Akapita bahari. Akageuka, akageuka, mpaka mdomo wake ukasimama.

Ulisimama ukitazama ngome. Ulitazama sawasawa dirisha la ukumbi, lililo juu ya kiti cha Gaidemari.

Nimekwambia, hata mtoto mdogo anajua kusoma nguzo. Marehemu yuko kule njiwa anakotazama.

Bi Ratruda akashuka, akakung'uta mikono, akaanza kuteremka kuelekea mtoni, kwenye mahema ya Wafaranki. Hakukimbia. Kiunoni mwake kitu kiling'aa kila alipopiga hatua.

"Bwana!" mlinzi alisema. "Bwana, ana ufunguo wa lango la mtoni! Anakwenda kumnunua mtoto kwa lango!"

Gaidemari alikuwa anamfuata mkewe kwa macho.

"Bado yuko karibu, Bwana. Mshale unamfika. Akivuka mto haumfiki tena. Tufanye nini?"

Upinde ulikuwa umekwisha kuvutwa, niliusikia ukilalamika. Urso naye alikuwa amefika juu ya ukuta, anahema, jasho linamtiririka, ana hasira ya fundi aliyeharibiwa kazi. Alikuja kushtaki. Alipouona uso wa mkuu wake, mashtaka yakamwisha.

Gaidemari alimgeukia yeye, wala si mlinzi. Vidole vyake bado vilikuwa ndani ya ndevu, vinatafuta kitu.

"Fundi," alisema kwa upole, "umebaki na mti wa nguzo nyingine?"

"Upo, Bwana." Na kwa kuwa ni swali ambalo fundi wa nguzo hawezi kuanza kazi bila kuliuliza, Urso aliuliza, machozi yanamtoka: "Njiwa wake atazame wapi?"

Mkono wa Gaidemari ukatoka ndevuni. Katikati ya vidole ulikuwa umebana uzi mwekundu uliopauka, na fundo lilikuwa limefunguka.

Akaunyoosha mkono huo kumwonyesha kule chini, mtoni, alikokuwa anateremka Bi Ratruda.